Kofia Yangu Kichwani kwa Baba Mdogo

Watu wakijua kwamba mimi ni askari, swali la kwanza huwa ni bunduki. Unalala nayo? Umewahi kumpiga mtu risasi? Hakuna anayeniuliza habari za nguo. Na mimi maisha yangu yote ya jeshini, furaha yake na aibu yake, pamoja na lile nililomtendea baba mdogo ambalo hadi leo sijalijutia, yamepitia kwenye nguo.

Nianze na suruali. Siku ya kugawiwa sare za kwanza tulipangwa foleni mbele ya dirisha la stoo, wasichana mwisho. Mtunza stoo hakuwa anapima mtu. Alikuangalia usoni mara moja, siyo kiunoni, kisha akakutupia bunda lako. Suruali yangu ilikuwa imeshonwa kwa ajili ya mtu asiye na nyonga. Ilinibana mapajani, na kiunoni ikabaki nafasi ya kuingiza ngumi mbili. Mabuti yalikuwa namba tisa, mimi navaa sita. Nilipomweleza akanijibu, "Kuruta, kama mguu haujajaa kwenye buti, ujaze." Nikajaza vipande vya kanga ya mama, nikakimbia navyo miezi yote ya mafunzo, na kucha mbili za mguu wa kushoto hazijawahi kurudi sawasawa. Yule mtunza stoo nilimsamehe zamani kwa sababu alimfanyia hivyo kila mtu. Nisiyeweza kumsamehe ni mtu anayenichagua mimi.

Lakini sitaki msomaji adhani niliichukia sare. Niliilalamikia kila siku na niliipenda kila siku. Kombati ya jeshi ina joto la kukuivisha mchana, na ikilowa kwenye mvua za masika haikauki kwa siku tatu, inaanza kunuka kama gunia la maharage yaliyolala chini. Unaivaa hivyo hivyo mbichi, inakukwaruza kwapani. Halafu Jumapili unaifua, unaitia maji ya wanga, unaipiga pasi ya mkaa hadi mikunjo inasimama yenyewe, unapiga kiwi mabuti hadi unaona meno yako, unavaa, unapita mbele ya kioo kilichopasuka cha hanga letu la kulala, na unajikuta umetembea kama mtu mwingine. Huyo mtu mwingine nilimpenda kuliko nilivyojipenda mimi.

Msichana aliyelala kitanda cha jirani alitoka Nyarubungo, Biharamulo, na babu yake alivuka kutoka Burundi kwa miguu. Sisi wengine tulipokuwa tunavua kombati jioni kwa haraka, yeye alibaki nayo hadi saa ya kulala. Nilimuuliza kama hasikii joto. Akasema nikae chini anieleze. "Mwenzangu, nilipokuwa nasoma, kila nikifungua mdomo kuna mtu ananiuliza kwetu ni wapi. Nikienda ofisini kutafuta karatasi, naulizwa kwetu ni wapi. Tangu nivae hii, hakuna aliyeuliza. Wananiamkia kwanza." Nilicheka siku ile. Sikujua kwamba na mimi ningekuja kujua vizuri maana ya kuvuliwa.

Aliyeitaka sare hii kuliko sisi wote alikuwa baba yangu. Ujana wake aliupitishia Rusumo, mpakani, akipakua na kupakia magunia kwenye malori yanayosubiri kuvuka, na kila siku aliwaona askari wakipita wima huku yeye ameinama na mzigo. Alijaribu kujiunga mara mbili akakataliwa kwa sababu ya jicho lake la kulia lililokuwa na ukungu. Akarudi kijijini kwetu Ntobeye, akaoa, akalima migomba na maharage, akampata mtoto mmoja tu, na mtoto mwenyewe ni mimi. Nilipochaguliwa alizunguka kijiji kizima kuwaambia watu, hata waliokwisha kuambiwa na mama.

Likizo yangu ya kwanza nilirudi nimevaa gauni, maana sare hairuhusiwi kuzururia. Baba alikuwa amekaa uani na wazee wenzake. Alinitazama juu hadi chini, kisha akanyoosha shingo kuangalia njiani nyuma yangu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Yuko wapi askari?"

"Si ndiyo mimi, baba."

"Wewe ni binti yangu, wewe nakufahamu. Mimi nilikuwa namsubiri askari."

Mama alicheka hadi akaweka sinia chini. Baba akaniambia basi angalau nimpigie saluti, wazee waliokuwepo waone. Nikamwambia haiwezekani. Askari hapigi saluti kichwa wazi, lazima awe na kofia. Asipokuwa na kofia anasimama mguu sawa tu, mikono ubavuni, hata akipita mkubwa gani. Nilidhani atakasirika. Badala yake jambo hilo lilimfurahisha kupita kiasi. Wiki nzima nilimsikia akiwaeleza watu kilabuni, bilauri ya rubisi mkononi, "Hawapigi saluti bila kofia wale! Hata kama ni mbele ya nani!" Siku ya kuondoka alinisindikiza hadi barabarani akaniambia, "Basi siku moja njoo na kofia." Nikamwahidi.

Niliomba ruhusa ya kwenda nyumbani na sare mara mbili, zote zikakataliwa. Ya tatu ilikubaliwa, kwa siku tatu, kwa barua yenye mhuri, kwa sababu baba alikuwa amefariki.

Wakati huo nilikuwa koplo. Nilikuwa na V mbili mkononi nilizozishona mwenyewe kwa mkono, kwa sindano nyembamba, ili uzi usionekane. Nilipiga pasi kombati huku nalia, na machozi yakidondoka kwenye kitambaa napitisha pasi juu yake. Niliandika upya namba yangu ya jeshi kwa wino ndani ya kofia, kwenye ule ukanda wa ngozi unaogusa paji la uso. Nilitaka kila kitu kiwe sawa. Nilikuwa na deni moja kwa baba yangu, saluti, na nilikuwa nakwenda kulilipa.

Sasa baba mdogo. Ni mdogo wake baba, tumbo moja. Ana kipara tangu ujana na hapendi kionekane, kwa hiyo kofia yake nyeusi ya pama haimtoki kichwani isipokuwa kanisani. Ni msemaji wa ukoo. Nilipokwenda jeshini alisema mbele ya watu kwamba msichana akishavaa suruali na kulala porini na wanaume, ukoo hauwezi kumhesabu tena. Baba akamwambia anyamaze, akanyamaza, na nadhani tangu siku ile alikuwa anasubiri baba asiwepo.

Tulimzika baba nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Udongo ulipokwisha kurudishwa na mchungaji akafunga kitabu, nilipiga hatua mbele. Nilibana visigino. Mkono wangu ulikuwa umefika usawa wa bega nilipohisi baridi kichwani. Baba mdogo alikuwa amekuja kwa nyuma na kuinyakua kofia.

"Vua hayo," alisema. Hakupiga kelele, aliongea kwa sauti ya kawaida tu, na hiyo ndiyo iliyoniuma. "Hapa hakuna askari. Hapa kuna mtoto wa kike wa marehemu, na watoto wa kike wako kule kwenye maji."

Mkewe alikuja na kitenge, cha njano chenye miavuli ya bluu, akanifunga juu ya kombati kama anavyofungwa mtoto aliyejikojolea. Mkono wangu ulikuwa bado hewani. Nikaushusha. Sikuwa na kofia, na bila kofia nilichoweza ni kusimama mguu sawa tu, kama nilivyomweleza baba mwenyewe. Nikasimama hivyo hadi wanawake wakanishika mkono kunipeleka kuchota maji. Nilichota. Nilichota ndoo tisa, mabuti yakijaa matope chini ya miavuli ya bluu, na kila ndoo nilisema moyoni kwamba huyu mtu atanilipa.

Jioni nilimfuata kuomba kofia yangu. Akasema kesho. Kesho yake hakuonekana. Mkewe akasema ameenda Rusumo na atarudi jioni. Ruhusa yangu ilikuwa inaisha. Niliondoka Ntobeye kichwa wazi.

Jeshini kupoteza kofia si jambo la kukufukuzisha. Ni kosa dogo. Ulimi wangu ndio uliolifanya kubwa. Nilisema nimeipoteza, maana askari hawezi kusimama mbele ya wenzake akasema raia mwenye kipara amempokonya kofia kwenye msiba. Afande aliyekuwa anasikiliza kesi yangu akaniuliza, "Na kichwa, hukukisahau huko?" Nikamjibu, "Kichwa ninacho, afande, nacho kinaniuma." Aliinua macho polepole. Basi. V zangu mbili zilitolewa mbele ya gwaride, kwa wembe, uzi mmoja mmoja, ule ule uzi niliojitahidi usionekane.

Na hapa kuna jambo ambalo raia hawalijui. Kombati ikikaa juani miaka inapauka, lakini pale palipokuwa na cheo jua halifiki. Ukitoa cheo, umbo lake linabaki, la kijani kibichi, kwenye mkono uliopauka. Kila askari anajua kulisoma. Nilipoingia kwenye bwalo la chakula, kuruta wa juzi aliangalia mkono wangu akajua nilikuwa nani na nimekuwa nani. Yule mwenzangu wa Nyarubungo alinionea huruma, akachemsha majani ya chai na kunipakia pale ili rangi zilingane. Nilifua mara mbili, rangi ikatoka. Akaniambia niombe shati jipya. Nikakataa. Nilitaka nilione lile umbo kila asubuhi ninapoingiza mkono, nisije nikasahau ni nani aliyeniwekea.

Miaka ikapita. Kila likizo nilikwenda nyumbani na gauni, nikamwamkia baba mdogo, shikamoo, akaitikia marahaba, nikamuuliza kofia, akasema ataitafuta. Baadaye niliacha kuuliza. Kaburini kwa baba nilikuwa nasimama mguu sawa tu, naondoka. Mama hakusema kitu. Nilidhani anaogopa kuzua ugomvi, kumbe kulikuwa na aibu aliyokuwa ananificha.

Aliniambia kwa simu, siku aliposhindwa kuvumilia. Baba mdogo alikuwa ameng'oa miti ya mpaka kati ya shamba lake na letu na kuipanda upya hatua ishirini ndani, upande wetu. Ipo mistari minne ya migomba pale, na kaburi la baba lipo kwenye mstari wa tatu. Mama alipokwenda kulalamika, baba mdogo alimwambia kwamba usemi wa nyumba ile anao yeye, kwa sababu ndiye aliyerithishwa, na kofia anayo.

"Kofia gani?" nikauliza.

Mama akaeleza yote. Kwetu siku ya kuondoa msiba mrithi anakalishwa kwenye kiti cha marehemu, anavikwa koti lake na kofia yake, na kuanzia hapo neno lake ndilo neno la nyumba. Baba hakuwa na mtoto wa kiume, kwa hiyo alikaa baba mdogo. Koti lilipatikana. Kofia haikupatikana, kwa sababu baba alizikwa nayo. Aliomba hivyo mwenyewe. Wazee wakaanza kubishana kama mtu anaweza kurithi bila kofia. Ndipo baba mdogo akaenda ndani kwake, akarudi na kofia yangu, akasema kofia ya nyumba hii ni hii, na mwenye nayo amemwachia yeye. Wakamvika. Kofia ya jeshi, yenye nembo, kwenye kile kipara, juu ya koti la baba yangu.

Nilikuwa nimekaa kwenye ukingo wa kitanda, simu sikioni. Nitasema ukweli: sikuhisi hasira. Hasira nilikuwa nayo tangu zamani. Nilichohisi ni furaha, ile furaha ya mtu aliyetafuta ufunguo miaka mingi na leo ameukanyaga. Maana raia haruhusiwi kumiliki vazi la jeshi. Kijijini kwetu hata watoto wanalijua hilo. Baba mdogo naye alilijua, ila alishavikwa na wazee, na kwa akili yake kitu kilichovikwa na wazee si cha serikali tena.

Nikamwambia mama afungue shauri kwenye baraza la kata. Siku mbili baadaye baba mdogo mwenyewe akanipigia.

"Mwanangu, mama yako amenipeleka barazani. Wewe ni damu yetu, yeye alikuja kuolewa tu. Uje usimame upande wangu. Na uje umevaa. Watu wa baraza wakimwona mtu wa serikari watakuwa na adabu."

"Nitakuja, baba mdogo."

"Umevaa?"

"Nitavaa."

Nilivaa kile kitenge cha njano chenye miavuli ya bluu. Nilikuwa nimeondoka nacho siku ile ya msiba bila kukusudia, na sikuwahi kukirudisha. Nilikifua, nikakipiga pasi kwa mikunjo ya jeshi. Miguuni niliweka kandambili.

Ofisi ya kata ilikuwa imejaa. Mwenyekiti wa baraza alikuwa mama mmoja, mwalimu mstaafu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Pembeni kwenye benchi alikaa kamanda wa mgambo wa kata, ambaye huwa anakuja kwenye kila kikao kwa sababu watu wenye kesi za mipaka wana tabia ya kuja na mapanga. Baba mdogo alinitazama nilipoingia, akautazama mlango nyuma yangu. Nilimkumbuka baba kwa namna alivyofanya vile.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba. Mbona hukuvaa?"

"Nimevaa," nikasema, nikakaa karibu na mama.

Mama alieleza mistari yake minne kwa maneno machache, mikono mapajani. Kisha akasimama baba mdogo. Ni msemaji mzuri, hilo simnyimi. Alieleza ukoo ulikotoka, nani alimzaa nani, jinsi kaka yake alivyompenda. Mwenyekiti akamuuliza ana ushahidi gani kwamba nyumba ile iko chini yake. Akainama, akafungua mfuko wa rambo aliokuwa ameuweka katikati ya miguu, akaitoa.

Kofia yangu. Nembo yake ilikuwa imefifia. Aliishika juu ili wote waione.

"Hii ndiyo kofia ya nyumba ile. Nilivikwa mbele ya ukoo. Na mwenye nayo yule pale, aseme kama siyo yake."

Kamanda wa mgambo alikaa wima. Ningeweza kusema neno pale pale likaisha. Sikutaka liishe upesi hivyo. Nilinyoosha mkono, mwenyekiti akaniruhusu kuuliza.

"Baba mdogo, ni kofia yangu, ni kweli. Hebu waeleze wasikie vizuri. Huwa unaivaa?"

Akatabasamu. Aliona nimekuja upande wake. "Naivaa. Mimi si ndiye mrithi?"

"Kwenye mambo ya ukoo tu?"

"Hata mnadani. Siku ya mnada nikiivaa hakuna wa kunisumbua. Na Rusumo pale kwenye malori, madereva wananipisha wenyewe. Wananiita afande!" Watu wawili watatu wakacheka, na yeye akacheka nao.

"Na namba iliyoandikwa ndani, unaijua?"

"Ipo. Namba ya serikari hiyo. Sikuifuta."

"Asante, baba mdogo," nikasema, nikakaa.

Kicheko kilikwisha polepole, kutokea benchi la mbele kwenda nyuma, kadiri watu walivyokuwa wanamwangalia kamanda wa mgambo. Alikuwa amesimama. Aliiomba kofia kwa heshima, mikono miwili, akaigeuza, akasoma ndani. Kisha akanigeukia.

"Dada, hii ni yako?"

"Ni yangu."

"Ulimpa?"

Hilo ndilo swali lililokuwa limebaki. Ningesema ndiyo, ningeulizwa mimi jeshini, lakini yeye angeonekana mzee aliyedanganywa na mtoto, angepewa onyo na kwenda nyumbani. Mama alinigusa goti. Hakusema niseme nini, aligusa tu. Baba mdogo alikuwa ananitazama, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu niliona hajui nitasema nini. Nililichelewesha jibu kidogo. Nakiri kwamba nililichelewesha kwa sababu lilikuwa tamu.

"Sikumpa. Aliivua kichwani pangu kwenye mazishi ya baba, na nilimwomba anirudishie kila likizo hadi nikachoka."

Kamanda akasema niijaribu, ili aandike kwamba mwenye nayo ameitambua. Nikaiweka kichwani. Ilinishuka hadi masikioni. Kichwa kile kikubwa kilikuwa kimeivuta miaka yote hiyo, na ndani ilinuka ugoro na jasho la mtu mwingine. Namba yangu bado ilisomeka. Nikaivua, nikampa, akaitia kwenye bahasha ya kaki kama kielelezo, na sikuiona tena.

Walimtoa nje kumpeleka kituoni. Pale kwenye ngazi aliponifikia alisimama. Kofia yake ya pama alikuwa ameisahau ndani, na kipara kilikuwa kinatoka jasho.

"Mwanangu, waambie. Wewe ni askari, wewe watakusikiliza."

Nilikuwa nimelibeba lile jibu tangu ndoo ya kwanza.

"Hapa hakuna askari, baba mdogo. Hapa kuna mtoto wa kike wa marehemu."

Nikarekebisha kitenge changu, nikampisha apite. Walimpakia kwenye pikipiki katikati ya mgambo wawili.

Alikaa ndani siku chache, akatoka kwa onyo na faini. Baraza lilirudisha miti ya mpaka mahali pake, na walioichimbia ni wanawe mwenyewe. Mkewe aliacha kuitikia salamu ya mama. Shangazi zangu walinipigia simu kuniambia nina roho mbaya, mtu hamfungishi baba yake. Niliwasikiliza hadi mwisho, nikawajibu kwamba baba yangu amelala mstari wa tatu. Yule mwenzangu wa Nyarubungo nilipomsimulia hakucheka nilivyotegemea. Alisema tu, "Kwa hiyo saluti bado." Na kweli ilikuwa bado.

Mwaka uliofuata tulijengea kaburi kwa saruji, na kwa kazi hiyo nilipata tena barua yenye mhuri. Kofia niliyopewa badala ya ile ilikuwa imechakaa, nikaomba mpya stoo. Safari hii walinipima kichwa. Lakini shati nilivaa lile la zamani, lenye umbo la kijani mkononi. Nilitaka baba aone yote.

Ukoo ulikuja. Baba mdogo hakuweza kukosa, kaburi la kaka yake linajengewa, watu wangesemaje? Alisimama pembeni kabisa, karibu na mti wa mpaka, upande wake, kofia ya pama imeshushwa hadi machoni. Hatukuwa tumeongea tangu siku ya ngazi. Mchungaji alipomaliza, nilipiga hatua mbele. Halafu nikageuka.

"Askari akipiga saluti kaburini," nilisema kwa sauti ya gwaride, "raia wanavua kofia."

Wazee wakavua. Vijana wakavua. Alibaki mmoja. Watu walianza kumgeukia, mmoja mmoja, hadi mkewe akamgusa kiwiko. Akaivua, akaishika kifuani kwa mikono miwili.

Nikageukia kaburi, nikabana visigino, nikainua mkono, na safari hii ulifika. Saluti ya baba haikuchukua muda. Nilimwambia kimoyomoyo kwamba askari amekuja, nikajisikia nimemaliza naye. Kwa kanuni ningeushusha mkono hapo hapo. Sikuushusha. Wakati mkono uko juu hakuna anayerudisha kofia kichwani, na ilikuwa saa saba mchana, jua la kiangazi, bila wingu, na pale kwenye mti wa mpaka hapana kivuli. Bega lilianza kuniuma, kisha likafa ganzi. Nikaendelea kuushikilia mkono mahali pake, macho mbele, nikimsikia baba mdogo nyuma yangu akikohoa na kubadilisha mguu.